Pumzi inaniishia mapema ninapopiga shakuhachi: kosa ni la mapafu au la midomo?

Karani wa Ghala (Mtwara Mjini)

Salaam kwenu ndugu wanajukwaa. Mimi ni karani katika ghala la korosho hapa Mtwara, mama wa watoto wawili, na tangu mwezi wa nne, kazi za msimu zilipopungua, nimekuwa nikijifunza kupiga shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Wajapani inayopuliziwa kwenye ncha yake ya juu huku ikiwa imesimama mbele ya kidevu. Ya mwanzi sina. Nilinunua bomba la plastiki la robo tatu katika duka la vifaa vya ujenzi nikalikata sentimita 54.5, kwa kuwa ndicho kipimo cha shakuhachi ya kawaida, na hata jina lenyewe limetokana na urefu huo: shaku moja na sun nane kwa vipimo vya zamani vya Japani. Nikatoboa matundu manne mbele na moja nyuma la kidole gumba, kisha nikauchonga ukingo wa juu kwa tupa na msasa hadi ukawa mkali.

Sauti inatoka, ingawa ilinichukua wiki tatu kuipata. Shida yangu ni pumzi. Noti ya chini kabisa, ile inayopatikana kwa kuziba matundu yote na ambayo Wajapani huiita ro, siwezi kuishikilia zaidi ya sekunde 6, na nikiirudia mara tano au sita mfululizo kizunguzungu hunishika hadi nikalazimika kukaa chini. Noti za juu ndiyo sizipati kabisa: kadiri ninavyopuliza kwa nguvu ndivyo ninavyosikia upepo mtupu. Jirani yangu ameniambia kwamba mapafu yangu yamedhoofishwa na salfa, kwa sababu kila mwaka humsaidia kaka yangu kupulizia mikorosho yake kule Nanyamba. Mwingine ameshauri nianze kukimbia ufukweni Shangani kila alfajiri. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama kweli mapafu yangu ni madogo, au kuna namna ya kupumua ambayo sijaijua.

Mpiga Tarumbeta (Masasi)

Dada Karani, pole na hongera kwa wakati mmoja. Nimepiga tarumbeta katika bendi ya kanisa kwa miaka kumi na mbili, na ninavyofahamu mimi, chombo chochote cha kupuliza kinataka mambo mawili, yaani kifua kilichojaa na tumbo lililokazwa. Vuta hewa hadi mabega yapande, kaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa ngumi, kisha sukuma. Na huyo aliyekushauri kukimbia hakukosea, kwani mimi mwenyewe nilipoanza kukimbia asubuhi niliona tofauti kubwa baada ya miezi miwili.

Mwanafunzi wa Shakuhachi (Lindi)

Dada Karani, habari za kazi. Mimi nilifundishwa shakuhachi kwa miaka miwili na mwalimu wa Kijapani aliyekuja kufundisha hisabati kwa kujitolea huku kwetu Lindi, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelezwa, pamoja na makosa niliyoyang'ang'ania mwenyewe kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Kabla hujayashtaki mapafu, likague bomba. Ziba matundu yote matano kwa vidole, mwombe mmoja wa wanao azibe mwisho wa chini kwa kiganja kilicholowa maji, kisha nyonya hewa kwa juu. Midomo ikinaswa na bomba na kubaki imenaswa, vidole vyako vinaziba vizuri. Hewa ikiingia, hata kidogo sana, basi umepata mwizi wa kwanza, kwa sababu noti ya ro ndiyo isiyosamehe uvujaji wowote, na mpigaji hujikuta akipuliza mara mbili zaidi ili kufidia tundu moja lisilozibwa sawasawa. Ninaitaja hii kwanza kwa kuwa matundu ya kutoboa kwa mkono, hasa kwa msumari wa moto, mara nyingi huwa na kingo zilizoinuka, na pia kwa sababu wanaoanza hukanyaga tundu kwa ncha ya kidole badala ya nyama yake.

Sasa tufanye hesabu, maana wewe ni karani. Mtu mzima mwenye afya, akijaza kifua na kukimaliza chote kwa pumzi moja, hutoa takribani lita 3 hadi 5 za hewa, ilhali tukiwa tumekaa tu tunapumua nusu lita. Tuseme wewe una lita 3. Ukizitoa kwa kasi ya nusu lita kila sekunde, sekunde ya 6 inakukuta huna kitu, na hapo ndipo ulipo leo. Ukizitoa kwa mililita 200 kila sekunde, unafika sekunde 15 na mapafu ni yaleyale. Kwa hiyo ghala lako si dogo hata kidogo, ni mlango wake ulio mpana.

Mlango ni uwazi wa midomo. Unatakiwa uwe mdogo na bapa, kama punje ya mchele iliyolazwa. Pembe za mdomo zikazwe kidogo kuelekea pembeni, bila kutabasamu, katikati pabaki laini, na mashavu yasivimbe. Hewa hiyo nyembamba ilenge ule ukingo mkali ulioutengeneza kwa tupa, ambao Wajapani huuita utaguchi, na ikiupata sawasawa utasikia sauti ikijaa hata kabla hujaongeza nguvu. Ukisikia mvumo mwingi kuliko sauti, sehemu kubwa ya hewa yako inapita bila kazi, na hapo dawa yake ni kuinua au kushusha kidevu kwa kiasi kidogo sana, kama upana wa uzi, hadi mvumo upungue. Fanya hivyo mbele ya kioo siku za mwanzo.

Kuna zoezi la nyumbani ambalo lilinisaidia kuliko yote. Washa kibatari au mshumaa, kaa umbali wa kama sentimita 30, kisha puliza kwa uwazi uleule wa midomo hadi mwali ulale upande mmoja. Ushikilie hapohapo ulipolala, usizimike na usisimame tena, hadi pumzi yako iishe. Mwali ukitikisika, pumzi yako inatikisika, na mwali hauna adabu ya kukuficha aibu kama mwalimu.

Kuhusu kuvuta na kutoa, hapa nitatofautiana na ndugu yangu wa Masasi, kwa heshima zote. Tarumbeta lina mdomo mdogo unaobana midomo ya mpigaji, nayo midomo inakataa kupitisha hewa mpaka isukumwe, kwa hiyo nguvu anayoisema ina mahali pa kwenda. Shakuhachi iko wazi. Hakuna kinachokuzuia, na ukisukuma, hewa yote inamwagika. Mabega yakipanda unajaza sehemu ya juu tu ya kifua na unakaza shingo, ambayo katika chombo hiki inatakiwa iwe huru kwa sababu kichwa ndicho kinachopandisha na kushusha noti. Vuta hewa polepole hadi usikie tumbo la chini ya kitovu likitanuka na mbavu za nyuma, karibu na kiuno, zikifunguka. Ili kuzihisi, kaa kwenye kigoda, inama, weka viwiko juu ya magoti, kisha vuta. Utaona mgongo ndio unaofanya kazi.

Wakati wa kutoa, fikiria mtu anayeshusha ndoo kisimani. Ndoo inashuka kwa uzito wake yenyewe, na kazi ya mkono ni kuishika kamba isiporomoke. Mbavu zilizotanuka zinataka kurudi zenyewe, na wewe unazichelewesha. Tumbo linaanza kusaidia mwishoni tu, hewa inapokaribia kuisha. Mimi nililielewa jambo hili mwaka wa pili, na mwalimu wangu alikuwa amelisema siku ya kwanza.

Kizunguzungu chako hakitokani na kukosa oksijeni, kama wengi wanavyodhani. Ukivuta na kutoa hewa nyingi mfululizo, unapoteza kaboni dioksidi kuliko inavyotakiwa, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inasinyaa, ndipo kichwa kinapokuwa chepesi. Piga noti tatu, weka bomba chini, pumua kawaida kwa dakika moja, kisha uendelee. Ukiona vidole vinaanza kufa ganzi, acha hadi kesho.

Noti za juu nazo zinataka hewa iendayo kasi, na kasi haiongezwi kwa kusukuma. Umewahi kumwagilia bustani kwa mpira: ukibana mdomo wake kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali ingawa bomba la mtaani halikuongeza chochote. Punguza uwazi wa midomo, isogeze kidogo mbele kuelekea ukingo, na uache nguvu ibaki ileile. Noti ya juu itapasuka yenyewe, mwanzoni kwa bahati, baadaye kwa kutaka.

Salfa nisiizungumzie sana. Vumbi lake huwasha koo na kifua, kwa hiyo siku uliyopulizia mikorosho usiguse filimbi jioni yake. Na kama unakohoa usiku au kifua kinabana unapopanda ngazi, nenda kapimwe kwenye kituo cha afya badala ya kutuuliza sisi.

Mpiga Tarumbeta (Masasi)

Nimekuelewa, ndugu wa Lindi, na suala la mabega nimelikubali, kwa kuwa hata mwalimu wetu wa bendi alikuwa akitugombeza juu yake na mimi nikaona ananionea. La kukimbia silirudishi. Moyo ukiwa na nguvu mtu hahemi anapomaliza wimbo, na anayehema hawezi kuvuta pumzi ya pili vizuri.

Mzee wa Zumari (Kilwa Masoko)

Nawasalimu vijana wangu. Nimesoma kwa makini, ila nashangaa kwamba hakuna aliyetaja njia ya wapiga zumari. Sisi hatukati pumzi. Unaweka akiba ya hewa mashavuni, unaisukuma nje kwa mashavu huku ukivuta nyingine kwa pua, na zumari linalia tangu ngoma inapoanza hadi wachezaji wachoke. Nilifundishwa kwa bilauri ya maji na kijiti cha mpapai: nikapuliza mapovu, na povu likikatika nalambwa fimbo. Sasa dada huyu, badala ya kuhangaika na sekunde 6 au 15, kwa nini asijifunze kuzungusha pumzi tu akaondokana na adha? Nilijaribu mwenyewe kwenye filimbi ya mjukuu wangu, nikashindwa, wala sikujua sababu. Anayejua anifahamishe.

Mwanafunzi wa Shakuhachi (Lindi)

Shikamoo mzee wangu. Sababu ya kushindwa kwako ni ileile ya tarumbeta, ila kwako ni kubwa zaidi. Ulimi wa zumari ni mwembamba na unabana, kwa hiyo hewa kidogo iliyo mashavuni inatosha kwa muda ule mfupi wa kuvuta kwa pua. Filimbi haibani chochote, akiba ya mashavuni inakwisha mara moja, na isitoshe mashavu yakivimba midomo inapoteza umbo lake na hewa inakosa ukingo. Wapo wapigaji wa siku hizi wanaoweza kuzungusha pumzi kwenye shakuhachi, lakini ni kazi ya baadaye sana, na nyimbo za asili za chombo hiki hazikuitegemea.

Nyimbo hizo zinahitaji maelezo kidogo, maana ndizo zinazoonyesha kwa nini pumzi katika shakuhachi inakatwa kwa makusudi. Katika enzi ya Edo, yaani Japani ya karne ya 17 hadi ya 19, shakuhachi ilikuwa mikononi mwa watawa wa madhehebu ya Fuke, walioitwa komuso, ambao walitembea wakiomba sadaka huku wamefunika vichwa vyao vyote kwa kofia za kikapu. Kwao kupiga ilikuwa ni ibada, wakaiita suizen, yaani kutafakari kwa kupuliza. Serikali ya Meiji, iliyofuata enzi hiyo, iliyafuta madhehebu hayo mwaka 1871, lakini nyimbo zao, zinazoitwa honkyoku, zinapigwa hadi leo. Katika nyingi ya nyimbo hizo hakuna mapigo ya kuhesabu. Kipimo chake ni pumzi. Kila msemo mmoja wa wimbo ni pumzi moja, sauti inapungua taratibu hadi kuisha kama ncha ya jani la mwanzi, kisha kunakuja ukimya ambao Wajapani huuita ma, na katika ukimya huo ndipo mpigaji anapovuta hewa bila haraka. Ukimya huo ni sehemu ya wimbo, kwa hiyo anayezungusha pumzi ili asinyamaze anakuwa ameufuta.

Dada Karani, kama unapata intaneti nzuri, tafuta kipande kilichopigwa na Goro Yamaguchi, kile kinachohusu korongo na kiota chao, ambacho Wamarekani walikiweka katika rekodi ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Usisikilize noti kwanza. Hesabu pumzi, uone anavyoziacha ziishe na anavyokaa kimya kabla ya kuanza nyingine. Mtu wa sekunde 10 anaweza kupiga honkyoku kwa heshima kabisa akijua namna ya kumaliza.

Mzamiaji (Msimbati)

Mimi si mpigaji wa chochote, ila nazamia pweza tangu utotoni na hili la kizunguzungu limenigusa. Wengine watakuambia uende baharini ujifunze kubana pumzi, nami naweza kubana kwa dakika mbili na zaidi, lakini nilipopewa filimbi sikumaliza hata sekunde 4, kwani kubana na kutoa ni kazi mbili tofauti. Ninachotaka kusisitiza ni kwamba usizoee kuhema harakaraka ili kuujaza mwili hewa kabla ya kupiga. Vijana wetu hufanya hivyo kabla ya kuzamia, na wapo waliozimia chini ya maji. Wewe ukizimia, angalau utaangukia kwenye magunia.

Karani wa Ghala (Mtwara Mjini)

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kukaa kimya wiki tatu, kwani nilitaka nirudi na matokeo badala ya maneno matupu.

Jaribio la kunyonya lilinipa jibu siku ileile. Tundu la chini kabisa, linalozibwa na kidole cha pete cha mkono wa chini, lilikuwa na ukingo ulioinuka upande mmoja, na hewa ilikuwa ikipita bila mimi kujua. Nililisawazisha kwa msasa na noti ya ro ikafika sekunde 9 kabla sijabadilisha chochote kingine, jambo ambalo kwa kweli liliniudhi, nikikumbuka miezi niliyokuwa nikijilaumu.

Kibatari kimekuwa kigumu zaidi. Nyumbani kwetu madirisha yanaelekea baharini, na huu ni wakati wa kusi, kwa hiyo mwali ulikuwa ukicheza wenyewe kabla hata sijapuliza. Nimehamia kwenye stoo ya ndani isiyo na dirisha. Hapo nikagundua pia kwa nini barazani sauti ilikuwa ikinipotea ghafla jioni: upepo ulikuwa ukipita mbele ya ukingo na kuisogeza hewa yangu kabla haijafika. Anayejifunza kwenye pwani hii na alizingatie hilo, kwa kuwa picha za watu wanaopiga shakuhachi ufukweni machweo ni nzuri, lakini mimi ufukwe wa Shangani umenishinda.

Leo nafika sekunde 13 nikiwa nimetulia, na 14 siku nzuri, na kizunguzungu sijakiona tangu nianze kupumzika kila baada ya noti tatu. Noti ya juu inatoka mara moja katika kila majaribio matatu hivi. Kifua nilikwenda kukipima na daktari hakuona tatizo, ingawa amenisisitizia kuvaa barakoa shambani, na kaka yangu sasa amekubali kununua.

Nina swali moja lililobaki. Katika ule ukimya, mtu avute hewa kwa pua au kwa mdomo? Nikivuta kwa pua nakuwa mtulivu lakini sijai, na nikivuta kwa mdomo najaa lakini midomo inapoteza mahali pake, nalazimika kuitafuta punje ya mchele upya.

Mwanafunzi wa Shakuhachi (Lindi)

Hongera sana, dada. Kwenye honkyoku vuta kwa pua, kwa sababu muda unao, na ukiona hujai ongeza muda wa ukimya, hakuna atakayekudai. Siku utakapopiga pamoja na wenzako kwenye nyimbo zenye mapigo, kama zile ambazo shakuhachi hufuatana na koto na shamisen, ala za nyuzi za Kijapani, hutapata muda huo, na hapo utavuta kwa pembe za mdomo huku katikati ya midomo ikibaki imegusa bomba palepale. Zoezi lake ni kupiga ro kwa sekunde 4, kufungua pembe na kuvuta kwa sekunde 1, na kurudia bila kidevu kusogea. Ila lianze baada ya ro yako kutulia, na usilifanye zaidi ya dakika mbili kwa siku, maana ndilo linalorudisha kizunguzungu upesi kuliko yote.

Mzee wa Zumari (Kilwa Masoko)

Hizo pembe za mdomo ndizo nilizokosa kwenye filimbi ya mjukuu. Leo jioni najaribu tena, na povu likikatika safari hii hakuna wa kunichapa.